Kitabu cha pamoja kilivyokigawa kikundi cha waandishi Magomeni: uchambuzi wa kisa

Januari 2024 kikundi chetu cha uandishi cha Magomeni, Dar es Salaam, kilikuwa na watu wanaokaribia thelathini. Kufikia Agosti tulikuwa tunaenea kwenye kibaraza kimoja. Hapo katikati palitokea ugomvi wa kitabu, na kila anayeusimulia ana mkosaji wake. Wapo wanaosema ni wivu, wapo wanaosema ni hela, wapo wanaomtaja mwenyekiti. Mimi nilikuwa katibu mwaka mzima na daftari la kumbukumbu ninalo. Nimelisoma upya tangu ukurasa wa kwanza, na ninaamini ugomvi ule ulianza miezi mingi kabla ya mtu yeyote kuchanga shilingi. Ulianza wakati sote tunacheka na kupigiana makofi.

Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anaishi kwa kalamu. Kulikuwa na nesi wa Buguruni anayeandika hadithi za wodini, mama muuza vitenge wa Kariakoo, walimu wawili wa sekondari, dereva wa bajaji, vijana kadhaa wa vyuo, kijana wa Mbagala aliyekuwa anatafuta kazi, na mzee mmoja mstaafu tuliyemwita Malenga, ambaye ujanani mashairi yake yalikuwa yanatoka magazetini. Tulikutana Jumamosi saa tisa alasiri katika darasa la shule ya msingi tuliloazimwa. Madawati yalikuwa ya watoto wadogo, kwa hiyo ukikaa magoti yanagonga mbao na daftari unaliweka mapajani. Magomeni ilichaguliwa kwa ajili ya njia: wa Kimara alipanda mwendokasi moja kwa moja, wa Buguruni na Mbagala waliunganisha daladala.

Wageni waliuliza mara nyingi kwa nini tusikutane Maktaba Kuu pale Bibi Titi Mohamed, jengo zuri lililofunguliwa mwaka 1967, lenye feni na viti vya watu wazima. Jibu ni kwamba chumba cha kusomea maktaba kinataka ukimya, na sisi kazi yetu ni kusoma kwa sauti. Kwa maoni yangu huo ndio ulikuwa uamuzi bora kuliko yote tuliyofanya mwaka ule. Sentensi iliyopinda jicho linaipita, ila sikio linajikwaa. Nimewasikia watu wakisoma kazi zao na kusimama wenyewe katikati ya aya, wakajirekebisha kabla hatujafungua mdomo.

Kilichotuchelewesha mwanzoni ni hofu ya kuibiwa. Waandishi wachanga wa Dar wanaiogopa sana, na wana sababu. Hadithi inatumwa kwenye grupu la WhatsApp saa mbili usiku, kesho yake asubuhi inazunguka kwenye magrupu mengine bila jina la mwenyewe, au yenye jina la mtu mwingine kabisa. Kijana mmoja alikuja Jumamosi nyingi mfululizo na begi lenye riwaya nzima, asisome hata ukurasa. Mwalimu mmoja wetu alituletea Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na kutueleza kwamba haki ya mwandishi inazaliwa pale kazi inapoandikwa. Kwenda kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, kunasaidia ushahidi, lakini haki yenyewe haisubiri cheti. Tukaanza kuandika kwenye daftari kila kilichosomwa: tarehe, jina la kazi, sentensi yake ya kwanza. Kijana yule alisoma wiki iliyofuata.

Sasa nije kwenye makofi.

Ukifungua daftari la Januari hadi Machi, safu ya maoni inasomeka hivi: "Nzuri sana." "Imepokelewa vizuri." "Hongera, aendelee hivyo hivyo." "Imegusa." Ukurasa unaofuata, hivyo hivyo. Hadithi karibu zote zilianza na "Ilikuwa ni majira ya jioni" au "Ilikuwa ni siku ya Jumatatu tulivu", na zilipata pongezi sawa, ziwe zimeiva au mbichi. Siwalaumu watu. Mtu amepanda daladala mbili, amesimama njia nzima, amefika na kurasa alizoandika usiku watoto wamelala. Ukimwambia kwamba ukurasa wa kwanza wote uondoke, unajiona umemkosea utu. Na akisoma mzee ambaye umemwamkia shikamoo dakika kumi zilizopita, nani atanyoosha mkono kumwambia ubeti wa tatu umechosha? Adabu zetu ni nzuri na sitaki ziondoke. Tatizo ni kwamba hatukuwa na namna ya kukosoa inayotoka ndani ya adabu hizo, kwa hiyo tukaacha kukosoa.

Machi ikaingia Ramadhani. Wanawake walikuwa wanaondoka mapema kuwahi futari, vikao vikawa vifupi. Kisha masika. Bonde la Msimbazi likijaa, Jangwani panafungwa, mabasi ya mwendokasi yanakatisha safari, na mtu wa mjini anayetaka kufika Magomeni anazunguka mji. Vikao vikahamia kwenye simu. Watu walirekodi sauti, wengine wakajibu kwa kidole gumba na picha za maua. Kama darasani tulikuwa tunakosoa kidogo, kwenye simu hatukukosoa kabisa. Hapo ndipo pongezi zilipofika kileleni, na hapo ndipo wazo la kitabu lilipozaliwa.

Cheche ilikuwa Aprili 13, siku ya kuzaliwa Mwalimu Nyerere, ambayo tangu 2023 ndiyo siku ya kutoa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Grupu zima lilikuwa linafuatilia. Watu kama sisi, wasio na jina, wanaitwa jukwaani kwa sababu ya mswada! Usiku ule ujumbe ulimiminika: na sisi tutoe kitabu, kila mtu awemo, tukizindue Julai 7. Siku hiyo ni Sabasaba, na tangu UNESCO ilipoitangaza mwaka 2021 ni Siku ya Kiswahili Duniani pia. Ilionekana kama tarehe imetengenezwa kwa ajili yetu.

Aliyewahi kwenda kwa mchapaji atajua kilichofuata. Gharama kubwa ya mashine ya ofseti iko mwanzoni, kwenye pleti (mabamba ya kuchapia) na matayarisho, na hiyo unailipa iwe unachapa nakala mia au elfu. Kwa hiyo nakala zikiwa nyingi, bei ya kila moja inashuka. Kamati ikavutwa na bei hiyo ya chini, ikaongeza nakala, na jumla ikapanda. Mchango ukawa shilingi elfu hamsini kwa kichwa, na kwa dereva wa bajaji au mtu asiye na kazi hiyo ni hela ya kutafuta. Tena kurasa za kitabu huchapwa kwa mafungu, kwetu mafungu ya kurasa kumi na sita. Tulikuwa tumekubaliana mafungu sita, yaani kurasa 96. Kazi zilizoletwa zilijaza karibu mara mbili yake.

Lazima kitu kikatwe. Likachaguliwa jopo la watu watatu, wote waadilifu, na ninalisema hilo bila wasiwasi. Walikesha na kazi zile. Juni wakaweka orodha kwenye grupu: walioingia, na walioachwa, na mbele ya kila aliyeachwa sababu fupi. "Muundo dhaifu." "Haina ladha." "Lugha irekebishwe."

Nesi wa Buguruni alikuwa miongoni mwa walioachwa, naye ndiye aliyekuwa wa kwanza kulipa mchango wote. Ujumbe wake ninao: "Tangu Februari mnaniambia nzuri sana. Leo ndiyo imekuwa mbaya?"

Hakuna aliyeweza kumjibu. Mwenyekiti aliandika kuhusu subira. Mwingine akaandika kwamba uandishi ni safari. Mtu wa tatu akasema wanaolalamika wana wivu, na hapo moto ukawaka. "Nimetoa hela yangu, lazima niwemo." "Basi nirudishiwe." Wiki ile watu walijitoa kwenye grupu mmoja baada ya mwingine, wakiwemo baadhi ya waliochaguliwa, kwa kuwasikitikia wenzao. Michango ikarudishwa, pungufu ya kile alichokuwa ameshalipwa mpangaji wa kurasa. Julai 7 ikapita kama siku nyingine.

Anayesema kosa lilikuwa hela ana nusu ya ukweli. Hatukuwahi kusema mchango unanunua nini. Kamati ilidhani unanunua uchapaji. Aliyelipa alidhani ananunua kurasa. Wote walichanga sawa, na kurasa haziwezi kugawanywa sawa kama mwalimu wa fasihi ndiye anayechagua. Lakini ninaamini nesi angeweza kulimeza la hela. Asichoweza kulimeza ni kwamba watu aliowaamini walikuwa na maoni mengine moyoni muda wote, na aliyasikia kwa mara ya kwanza hadharani, kwa maneno mawili, siku ambayo hakuna tena nafasi ya kurekebisha.

Nimeisoma tena hadithi yake. Inahusu zamu ya usiku katika wodi ya wazazi: umeme umekatika, msichana wa kazi aliyekuja peke yake anashika mkono wa nesi asiyemjua na kumwita mama. Kuna mahali nesi anatumia tochi ya simu huku akihesabu chaji iliyobaki, na anaamua asimpigie mwanawe aliyemwahidi kumpigia. Sijui kazi nyingine ya mwaka ule iliyofika pale. Kasoro yake iko kurasa za mwisho. Mtoto akishalia, hadithi imekwisha, lakini mwandishi anaendelea ukurasa mmoja na nusu kuwaonya wasichana, kuwasihi wazazi na kuikumbusha jamii. Ondoa ukurasa huo mmoja na nusu, kazi inasimama. Ni suala la nusu saa. "Muundo dhaifu" lilikuwa jina la kasoro hiyo, ila kwa jina hilo hakuna mwandishi duniani anayeweza kujua akate wapi. Jopo halikuwa na ukatili. Lilikosa msamiati, kwa sababu tangu Januari hakuna aliyefanya mazoezi ya kusema "hapa, aya hii, kwa sababu hii." Inaniuma mpaka leo kwamba hadithi ile iliangukia kwenye kasoro ndogo hivyo.

Agosti tukapoteza na darasa, kwani Jumamosi zilichukuliwa na watoto wa darasa la saba waliokuwa wanajiandaa na mtihani wa Septemba. Malenga akasema njooni kwangu. Tuliobaki tukakaa barazani kwake, kahawa na kashata katikati, na hapo ndipo mwaka ulipogeuka.

Yeye ndiye aliyelianzisha. Alituambia kwamba zama zake mtu hakumwambia mshairi mwenzake "kazi nzuri" na kuondoka. Alimjibu. Tangu enzi za Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923, washairi wa Kiswahili wamekuwa wakijibizana kwa beti: huyu anauliza, yule anajibu kwa vina vilevile, na msomaji anangoja gazeti lijalo. Kukosolewa kwa namna hiyo ilikuwa heshima, kwa sababu mtu hajibu shairi asilolisoma hadi mwisho. "Mkinikosoa kwa maneno ya barabarani nitaona mnanivunjia heshima," alisema. "Nijibuni kwa beti, nitasikia." Kisha akasoma ubeti wake mpya wa mvua:

Masika yametushika, Jangwani hakupitiki,
Barabara zafunika, magari hayasikiki,
Watu wamehangaika, wala hawasaidiki,
Mola ndiye wa hakika, waja hawaaminiki.

Mizani ni nane kwa nane na vina vimetulia. Januari tungepiga makofi. Safari hii mama wa vitenge akaomba wiki moja, na Jumamosi iliyofuata akaja na jibu:

Ubeti wako 'mefika, mizani haipingiki,
Ila aliyeteseka, hapo bado hasomeki,
Yuko mama kajitwika, ndoo yake ya samaki,
Maji yamemzunguka, mtaje asihiliki.

Mzee aliomba urudiwe. Alikaa kimya, akatikisa kichwa, akasema, "Umenishika, mwanangu." Kwa muda mrefu alikuwa anaona maji na haoni mtu. "Magari hayasikiki" aliliweka kwa sababu kina cha "ki" kilimdai, na wote tulikuwa tumelisikia bila kusema. Shairi aliloleta baadaye lilianza na mwanamke anayetoka soko la samaki la Feri kwa miguu, sketi imefungwa kiunoni, na Mola alimweka mwisho kabisa, mahali ambapo mtu kweli angemwita.

Nataka kulikazia hili kwa sababu ndilo nililotoka nalo mwaka ule. Jibu la beti liliondoa vikwazo viwili kwa mpigo. Kwanza, mkubwa alikosolewa na mdogo bila mtu kushusha macho, maana umbo lenyewe ni la heshima: unachukua vina vya mwenzako, unakubali kufungwa na alichokianzisha. Pili, mkosoaji naye alitoa jasho. Kusema "haina ladha" hakugharimu kitu. Kutunga mistari minne inayoonyesha kilichokosekana kunakulazimisha ukijue.

Kwenye nathari tukafanya vivyo hivyo. Anayetaka kumkosoa mwenzake anaandika upya aya moja tu ya kazi hiyo, anaisoma kwa sauti, kisha mwandishi anasoma ya kwake. Baada ya hapo mwandishi ndiye anayeamua, na hadaiwi maelezo. Kijana wa Mbagala alikuwa na hadithi ya siku ya usaili wa kazi. Aya ya kwanza ilikuwa hii: "Ilikuwa ni siku ya Jumatatu asubuhi yenye jua la upole, ndege wakiimba kwa furaha juu ya miti, nami nikaamka nikiwa na matumaini makubwa ya maisha bora." Dereva wa bajaji akamjibu kwa sentensi aliyoichota ukurasa wa nne wa hadithi hiyohiyo: "Konda alinishusha Mtoni kwa Azizi Ali kwa upungufu wa shilingi mia." Basi. Hakuongeza neno. Kijana alicheka, halafu akakasirika, halafu akarudi na hadithi inayoanzia hapo kituoni, vumbi kwenye viatu alivyoazima, saa ya usaili inakaribia. Ndege hawamo tena. Kurasa tatu za mwanzo alizitupa zote, na kilichobaki nimeshakisoma mara nyingi kwa raha yangu mwenyewe.

Si kila mtu aliupenda utaratibu. Mwalimu mmoja aliona tunarudi kwenye arudhi, yaani kanuni za zamani za ushairi, kwa mlango wa nyuma, akatukumbusha mabishano ya miaka ya 1970 kati ya wanamapokeo walioshikilia vina na mizani na wanausasa waliotaka mshairi awe huru navyo. Yeye anaandika mashairi huru, akauliza atajibiwaje. Hoja yake ilikuwa ya haki. Tulikubaliana shairi huru lijibiwe kwa shairi huru, kwa picha badala ya kina, na majibu hayo kwa kweli mengi yalikuwa dhaifu. Hilo bado hatujalipatia ufumbuzi.

Vuli ilikuja tukiwa na kazi chache kuliko za Machi, lakini kila moja ilikuwa imeshapita mikononi mwa mtu mwingine. Desemba tukatoa kijitabu. Karatasi nane za A4 zimekunjwa katikati, kurasa 32, zimetolewa kopi stationari na kupigwa pini mgongoni kwa stepla ndefu. Hakuna aliyechanga. Anayetaka nakala alilipia kopi zake mwenyewe, awe na kazi ndani au hana. Kila kazi imewekwa pamoja na jibu lake, na ukifungua katikati unakuta ubeti wa Jangwani upande mmoja na ndoo ya samaki upande wa pili. Mchapaji wa ofseti asingetupokea na kijitabu hicho, lakini kimesomwa na watu wa daladala, wa sokoni na wa zamu za usiku.

Wale walioondoka Juni wengi hawajarudi. Mama wa vitenge alimfuata nesi Buguruni na ukurasa wa mwisho wa hadithi yake alioujibu: umeishia kwenye kilio cha mtoto na chaji ya simu iliyobaki. Nesi aliupokea, akaurudisha baada ya siku chache ukiwa na kalamu nyekundu. Mabadiliko mawili ameyakataa na sababu kazieleza, moja amelikubali, na onyo kwa wasichana amelipunguza hadi sentensi moja inayosemwa na msichana mwenyewe. Ni bora kuliko tulichompelekea. Amesema Jumamosi yuko zamu, na kitabu cha hela yake hataki kukisikia, ila majibu yakiwepo aletewe.

Mwaka huu mpya tumepanga kitabu na kikao visikutane. Anayetaka kuchapa atachapa kwa hela yake na kamati yake, nje ya baraza. Darasa tumerudishiwa. Jumamosi ya kwanza zamu ya kusoma ni ya dereva wa bajaji, na anayemjibu ni Malenga.